Geuza Swichi Uone Mkonga Unavyotembea!

Jamani, nimeigusa! Nimeigusa kwa mkono wangu huu huu, difu loki ya Toyota Land Cruiser pikapu, mkonga wenyewe, HZJ79 ya miaka ya mwanzo ya 2000, kuukuu, tamu, bampa limepinda, viti vimeshonwa vikashonwa tena, na hivi ninavyokuandikia vidole bado vinanuka dizeli na vumbi la Engaruka na sina haraka yoyote ya kunawa. Nimetoka huko sasa hivi. Sijala, sijakaa, sijapumua, nimekuja moja kwa moja kukwambia wewe, maana haiwezekani, haiwezekani kabisa, mtu anayependa magari kiasi chako aendelee kuishi bila kuijaribu hii kitu. Lazima uijaribu. Lazima!

Ngoja nianze na swichi, maana mimi swichi tu ilishanimaliza. Ni kidude! Kidude kidogo cheusi cha mviringo kwenye dashibodi, kinakaa vizuri kati ya kidole gumba na cha shahada, maandishi yake yamefifia kwa kushikwashikwa miaka yote hiyo. Kina hatua tatu: OFF, halafu RR, halafu FR RR. Yaani wazi, kisha funga nyuma, kisha funga nyuma na mbele kwa pamoja. Mbele peke yake haikubali, lazima nyuma itangulie. Unakizungusha, kinabisha kidogo, kinasita, halafu tik! Tik moja nzito, nene, tamu mno, siyo vile vitik vya plastiki vya magari ya siku hizi. Ukitega sikio unasikia huko nyuma, chini ya bodi, kimota cha umeme kinavuma mara moja, zzn, kinasukuma kitu ndani ya difu. Kwenye dashibodi kitaa kinaanza kupepesa. Kinapepesa, kinapepesa, moyo nao unadunda, gari linajongea kidogo ili meno yakutane, na ghafla kitaa kinatulia, kinawaka bila kutikisika. Basi! Magurudumu mawili ya nyuma yameshafungwa pamoja. Na hapo gari hata halijafanya lolote. Na bado!

Unaijua ile njia inayotoka Mto wa Mbu kwenda kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako, unapita Engaruka unaelekea Engaresero na Ziwa Natron, huku Ol Doinyo Lengai umesimama mbele yako, mrefu, mchongoko, wa kijivu? Huko ndiko tulikokuwa. Makorongo! Mwendo kidogo korongo, mwendo kidogo korongo. Maji ya mvua yakishuka kutoka ule ukuta yanaikata njia, yanaacha mchanga mwepesi wa majivu ya volkano, mawe, kingo zilizobomoka. Mzee mwenye gari, dereva aliyezeeka na njia hizo, akatushusha polepole kwenye korongo moja bichi kabisa, akasimama mahali pabaya kuliko pote makusudi, gurudumu la mbele kushoto limetumbukia shimoni, la nyuma kulia liko hewani. Hewani kweli! Nilishuka nikapitisha mkono chini yake. Kisha akahama upande, akaniachia usukani.

Fowili ilikuwa imewekwa, ya chini, habu za mbele zimeshafungwa, gia namba moja. Nikakanyaga mafuta. Injini ikaunguruma, gurudumu la hewani likazunguka kwa kasi ya ajabu, la shimoni nalo likachimba na kurusha mchanga, na yale mawili yaliyobaki, yaliyokanyaga ardhi ngumu, yenye uwezo wote wa kututoa pale, yametulia tuli. Hayakusogeza hata kokoto. Fowili, mwenzangu! Gari zima la kuvuta kwa magurudumu manne, na haliendi popote!

"Sasa geuza," mzee akasema. "Nyuma tu. Halafu mwanangu, usikanyage mafuta."

"Mzee, si litazima?"

"Halizimi hilo. Achia klachi, toa mguu, liache litembee lenyewe."

Tik. Kitaa kikatulia. Nikaachia klachi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Hakuna mngurumo. Hakuna mchanga kuruka, hakuna kelele za matairi, hakuna ule mshtuko wa kurushwa na kiti. Gari liliinuka. Kwa silensa tu, mguu wangu umepumzika sakafuni, ile injini ya dizeli inapigapiga taratibu, tuku tuku tuku, na mkonga mzima ukapanda. Nilisikia jiwe linasagika chini ya tairi la nyuma kushoto. Nilisikia springi zinalia, pole pole, zinajinyoosha. Kiti kiliniinua upande mmoja, kikanishusha, kikaniinua upande wa pili. Ukingo wa korongo ukashuka kwenye kioo, nyasi zikatokea, kisha upeo, kisha mlima, na tumeshatoka! Polepole namna ile! Mtoto mdogo angeweza kutembea kando yetu na kutupita. Nilipiga kelele, sikatai, nilipiga kelele na kupiga usukani kwa viganja, na mzee akacheka akaniambia turudi tena tushuke. Tukarudi. Tukashuka. Tukapanda tena. Weee!

Na kinachonichanganya ni kwamba nguvu haikuongezeka hata chembe. Injini ni ile ile, gia ni ile ile, matairi ni yale yale. Kilichobadilika ni nani anapewa nguvu hiyo. Difu ya kawaida, hii iliyo kwenye karibu kila gari unalopanda, ilibuniwa kwa ajili ya kona: gari likikata kona, gurudumu la nje linasafiri mbali kuliko la ndani, kwa hiyo lazima moja liruhusiwe kuzunguka zaidi ya mwenzake. Akili kubwa hiyo, na ni ya kale kweli. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliiweka kwenye gari la mvuke tangu miaka ya 1820. Kwenye lami ni baraka tupu. Lakini ina kasoro moja ya kutisha: inagawa nguvu sawa kwa sawa kwa magurudumu yote mawili, na gurudumu lililo hewani halihitaji nguvu yoyote kuzunguka, kwa hiyo mwenzake anaambulia hicho hicho, karibu sifuri. Mnyonge ndiye anayeamua! Sasa ukifunga, umewatia ng'ombe wawili wa plau nira moja: huyu akiteleza, yule aliyesimama vizuri anavuta, na jembe linakwenda. Gurudumu la hewani likawa linazunguka polepole, kwa adabu, sambamba na mwenzake, na yule mwenye ardhi ngumu akabeba kazi yote. Wakati mwingine gurudumu moja tu linalisukuma gari zima. Moja!

Ukimya wake bado haujanitoka kichwani. Nilitegemea ubabe, vumbi, mioshi, makelele ya filamu, na nilichokutana nacho ni upole. Upole mkubwa, wa ajabu, wenye nguvu. Unaanza kusikia vitu ambavyo dereva hasikii kamwe: kijiti kinavunjika, maji yanayumba kwenye dumu, ndege wameanza kuimba tena. Na tazama njia uliyopita! Nilishuka kukagua. Pale nilipojaribu bila kufunga kulikuwa na shimo moja bichi, refu, la kutia aibu. Pale tulipofunga kulikuwa na alama za matairi tu, safi, zimechapwa kwenye mchanga. Wafugaji wanaopitisha ng'ombe wao hapo hawatapata shida kesho kwa sababu yetu. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Halafu mbele. Oooh, mbele! Mzee alinisubirisha kwanza, akatafuta ukingo mkali zaidi, mawe yamepangana ngazi kwa ngazi, akasema haya, malizia. Nikazungusha hadi FR RR. Tik ya pili. Na hapo usukani ukageuka kuwa kitu kingine kabisa: mzito, mkaidi, unataka kunyooka, unakuvuta mikono. Magurudumu ya mbele hayataki kona tena, yanataka kwenda mbele na mbele tu. Gari likaweka uso wake kwenye jiwe, likalishika, likajivuta juu, na nyuma ikafuata ikisukuma, magurudumu manne yote yanazunguka sawasawa, hakuna linalokimbia, hakuna linalobaki. Unalisikia mwilini! Unasikia kwenye makalio, kwenye nyayo, kwenye meno. Nywele zilinisimama. Ila mzee alikuwa mkali hapo, na ninakupa ukali huo huo: mbele ikiwa imefungwa, usikunje usukani hadi mwisho huku unakanyaga mafuta, maana viungo vya ekseli za mbele vinaweza kupasuka. Nyoosha, panda, fungua. Nyuma ni rafiki wa kila siku, mbele ni wa shida tu.

Nikakumbuka nini hapo? Rhino Charge! Yale mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa kulinda vifaru na msitu wa Aberdare, ambapo timu zinapewa saa 10 kufika vituo vyote na anayeshinda ni aliyesafiri umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia. Miaka yote nilikuwa natazama picha za yale magari yamening'inia kwenye majabali nikidhani siri yake ni mapigo ya mafuta na ujasiri. Kumbe watu wanajikokota! Umbali mfupi maana yake kupita katikati ya mawe badala ya kuyazunguka, na huwezi kupita katikati ya mawe kwa gurudumu linalozunguka bure. Baada ya korongo lile moja, picha zile zote zimenifunguka upya. Nataka kwenda kuyaona kwa macho, twende wote!

Kisha tukaingia kwenye udongo mweusi. Ule wa mbuga, unaonata, mvua imeupita hivi karibuni, unaoziba kashata za tairi mpaka tairi linabaki jeusi tororo, laini, halina meno. Na hapa pia, jamani, ilitembea. Kwa kuyumbayumba, kwa kunyata, ikiserereka nusu hatua huku na nusu hatua huku, lakini ilitembea! Ila hapa nina neno zito kidogo, na nakuomba ulishike. Ukifunga nyuma kwenye utelezi wa mteremko wa pembeni, magurudumu yote mawili yanaweza kupoteza mshiko kwa wakati mmoja, na mkia wa gari unashuka taratibu kuelekea bondeni. Bila kufunga, mara nyingi moja linateleza na mwenzake anakushikilia usiende upande. Kwa hiyo ulalo wa namna hiyo wenye tope, fungua difu, pita kwa heshima. Na ikiwa tumbo la gari limeshalala kwenye tope, hakuna swichi duniani, toa koleo. Punguza upepo wa matairi mapema, kabla hujaingia. Mkonga wenye matairi laini na difu imefungwa ni kitu kingine kabisa, ni raha juu ya raha.

Na kushuka! Watu wote wanasifia kupanda, hakuna aliyewahi kuniambia habari ya kushuka! Tulishuka ukingo mkavu ulionyooka, wima mpaka mkanda ukanishika kifuani, gia namba moja, fowili ya chini, difu zimefungwa, miguu yangu yote miwili mbali na breki na klachi. Gari likashuka likijizuia lenyewe. Injini inavuta nyuma, na mvuto huo unafika kwenye matairi yote manne sawasawa, hakuna gurudumu jepesi linalozunguka kinyume kivyake na kuacha wengine waponyoke. Nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu kwa hofu, na nusu ya mteremko nikajikuta nimevikunjua. Nilianza kuimba! Mzee akaongeza sauti ya redio!

Sasa, najua unachowaza. Unawaza, mimi ninayo Hilux yangu ya zamani, LN106, haina swichi hiyo, nifanye nini? Usife moyo hata kidogo! ARB wa Australia wanatengeneza difu loki ya upepo inayofungwa ndani ya difu yako hiyo hiyo: kikompresa kidogo, kimrija chembamba kinachopita kwenye chesisi, swichi mbili, na ukibonyeza hewa inakwenda kusukuma, imefunga, na ukifungua unasikia psss. Ile psss ina utamu wake, nakiri. Ziko pia zile za kujifunga zenyewe bila swichi, Detroit Locker ikiwa maarufu kuliko zote, ngumu, za kuaminika, lakini zinagonga na kulia kwenye kona, na mimi moyo wangu uko kwa swichi. Nataka kuamua mwenyewe! Nataka ile tik! Na usiruhusu fundi yeyote akuchomelee difu ili ifunge moja kwa moja, kuna wanaofanya hivyo kubana matumizi; gari la namna hiyo barabarani ni mateso kwa matairi, kwa ekseli, na kwa anayekuja mbele yako.

Kwenye lami ndiyo, fungua. Kabla hujagusa lami, fungua! Magurudumu yaliyofungwa hayawezi kutofautiana kwenye kona, kwa hiyo matairi yanalia, usukani unakataa, na chuma ndani ya ekseli kinajinyonga. Geuza OFF, tembea kidogo umenyoosha, subiri kitaa kizimike. Wakati mwingine kinachelewa, meno yamebanana. Rudi nyuma kidogo, kinaachia. Hata hiyo nimeipenda! Gari linazungumza nawe.

Na kama unatafuta pikapu ya kununua, tafadhali, tafadhali sana, usiamini swichi kwa kuiona. Mikonga mingi ya zamani ina swichi nzuri na difu isiyofunga, maana kile kimota cha umeme kinaingia maji kwenye mito, kinapata kutu, na kwa kuwa mwenye gari hakuigusa miaka nenda rudi, kinaganda. Nenda na jeki. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka mawe au stendi imara, zuia ya mbele yasisogee, weka fowili ya chini, habu za mbele zikiwa wazi, gia ikiwa huru. Washa ufunguo, geuza RR, mwambie mtu azungushe gurudumu moja kwa mkono. Likifunga, la pili linazunguka kwa mwelekeo ule ule, papo hapo, hata ukilishika linakubururia mkono. Lisipofunga, la pili litasimama au litazunguka kinyume. Niliifanya hii chini ya mwembe kabla hatujaondoka, na hata hapo, gari limeinuliwa, halina pa kwenda, nilisisimka kuona gurudumu la upande wa pili linanijibu! Ukishalinunua, zoesha kimota. Kila mwezi tafuta vumbi, funga, tembea hatua chache, fungua. Mzee hufanya hivyo hata kiangazi chote, na ndiyo maana yake inafunga bila kusuasua baada ya miaka yote hii.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii. Kila mji una mzee mwenye mkonga, na unamjua wa kwako. Mwamkie, msifie gari lake, muulize kwa upole kama difu loki bado inafanya kazi, utaona macho yake yanavyowaka. Mwombe akupeleke kwenye korongo, kwenye mchanga, popote gurudumu moja linaponing'inia. Kwanza jaribu bila kufunga ili uone unavyokwama, usiruke hatua hiyo, nakuomba. Halafu geuza hadi RR, subiri kitaa kitulie, achia klachi, toa mguu kwenye mafuta. Toa kabisa! Ukishapanda, nipigie hata kama ni usiku, maana kuna habari ya mto wenye maji ya kufika magotini sijakusimulia, na bado!